Majira ya Mgeni

Juzi binti yangu alinisogezea simu yake usoni nisome. Ilikuwa orodha ndefu inayoeleza mwezi gani uende nchi gani ukawaone wanyama: mwezi huu nyumbu wanavuka mto, mwezi ule dubu wanavua samaki, mwezi fulani nyangumi wanapita na watoto wao. Akaniuliza, "Mama, wewe ungechagua mwezi gani?" Nilicheka mpaka akanuna. Mtu mzima na akili zako ulipe nauli ya ndege ukamtafute mnyama! Sisi kwetu Kitomanga tulikuwa tunaomba Mungu tusimwone, na miezi ya kumwona tuliijua kuliko siku zetu za kuzaliwa.

Binti yangu kaondoka na simu yake, lakini wewe kaa nikueleze. Bibi yangu, aliyenilea, hakujua kusoma hata herufi moja, lakini kalenda ya wanyama alikuwa nayo kichwani. Mvua za kwanza zikinyesha wanatoka kumbikumbi, tunawakaanga na chumvi kidogo, na nyuma ya kumbikumbi wanakuja nyoka kuwala, kwa hiyo ukienda kichuguuni unakwenda na fimbo. Mabibo yakiiva kwenye mikorosho wanashuka ngedere, na bibi akimuua wa kwanza humtundika tawini kwa mkia, wenzake wamwone. Mpunga ukianza kutia maziwa wanakuja ndege, kundi zima kama moshi. Mahindi yakikomaa wanakuja nguruwe. Na nguruwe wakishanona kwa mahindi yetu, nyuma yao anakuja mwenyewe. Huyo hakutajwa jina.

Nakumbuka nilivyofundishwa kutomtaja. Nilikuwa na miaka kama saba, tumekaa jikoni, nikauliza kwa sauti kama simba anakula muhogo. Bibi alinizaba kofi nikaona nyota, kisha akachukua pilipili akanisugua nayo midomoni. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Alisema ukimtaja anasikia, na akisikia anajua ameitwa. Porini aliitwa mgeni. "Mgeni kapita huku," watu wangesema wakiona nyayo, na hapo kila mtu alijua la kufanya.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa tena sabuni na kanga na mashati ya mitumba, na kila kijana mwenye mdomo mwepesi akakimbilia Dar kuuza chochote atakachopata. Sisi wengine tulibaki na jembe. Kila masika tuliihama nyumba yetu ya kijijini tukahamia shambani, bonde la Mbwemkuru, tukalinda mpunga mpaka uvunwe. Tulijenga dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, na kazi yangu ilikuwa kupanda juu alfajiri kuamia ndege, na kombeo langu na kamba zilizofungwa madebe matupu. Ukivuta kamba, madebe yanapiga kelele shamba zima. Niliwapenda wale ndege na niliwaua kwa mamia. Tuliwachoma kwenye makaa, mifupa na yote, na sijala kitu kitamu vile tena.

Jirani yetu wa shamba alikuwa Mmakonde aliyeshuka kutoka Newala na mkewe, Wakristo, watu wa vicheko. Bibi yangu alikuwa hapitishi siku bila kumtania kwa sababu ya nguruwe, na yeye alikuwa hapitishi siku bila kumletea bibi boga au ndoo ya maji. Nguruwe ndio waliokuwa furaha yake. Alichimba shimo refu kwenye njia yao, akasimika miti iliyochongwa chini yake, akafunika na majani. Asubuhi tukisikia mlio tulikimbia wote kutazama. Mnyama amechomwa tumboni na bado anahema na kulia kama mtoto, jirani anashuka na shoka, pigo la kwanza, la pili, damu inamrukia mpaka kwenye kope. Bibi alisimama mbali ameziba pua na ukaya, lakini alikuwa anahesabu mapigo na kushangilia kimoyomoyo, maana nguruwe mmoja akipita usiku mmoja ni kilio cha mwaka mzima. Utumbo ulitupwa kwenye matete kando ya mto. Hakuna aliyewaza utumbo ule unamwita nani.

Jirani alikuwa na kijana mmoja tu, naye alikuwa Dar mwaka wa pili akiuza mitumba. Masika yale akatuma salamu kwa mtu wa lori kwamba anakuja, na anakuja na redio. Jirani hakulala wala hakukaa. Alifagia njia ya shambani kama ya harusini. Kila aliyepita alimwambia, "Nina mgeni wiki hii. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Bibi akamjibu kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na walicheka wote wawili.

Jioni moja bibi alirudi kuchota maji hana kicheko. Alikuwa ameona nyayo kwenye tope, kubwa, na mguu mmoja unaburutwa. Alikwenda kumwambia jirani, na jirani akasema kesho ataita wanaume. Kisha bibi akanikalisha. Maneno yake nayakumbuka yote. Alisema, "Kesho ukiona kitu usiseme mgeni. Huyu bwana ana mgeni wake anayemsubiri, atachanganya. Wewe vuta madebe tu, usinyamaze mpaka nije." Nikasema ndiyo bibi. Niliitikia kama mtoto anavyoitikia akiwa na usingizi.

Alfajiri nikapanda dungu. Umande ulikuwa mzito na jua bado halijatoka, ila mwanga wa kuonea ulikuwepo. Chini bibi alikuwa ameshamaliza kuswali, anatwanga. Nikaona matete yanatikisika na hakuna upepo. Kisha akatoka. Mwembamba, mbavu zinahesabika, mguu mmoja wa mbele haukanyagi vizuri. Hakuwa na haraka. Alisimama kwenye njia iliyofagiliwa, akanusa, akajilaza kwenye nyasi za kando, na nyasi zikamficha kabisa.

Kamba ilikuwa mkononi mwangu, rafiki yangu. Sikuivuta. Nilipiga ukelele kwa sauti yangu yote, "Mgeni! Mgeni yuko njiani!"

Jirani akatoka kibandani kwake mbio, anafunga vifungo vya shati. Panga lake lilikuwa limechomekwa kwenye nguzo ya mlango na alilipita. Alikuwa anacheka. Nilimsikia akisema kwa sauti, "Karibu mwanangu, karibu," na akaja moja kwa moja kwenye njia ile.

Nilimwona anavyokuja. Palikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Lile jina halisi, ambalo hata mtoto mchanga angelisikia angekimbia, lilikuwa kwenye ulimi wangu, na ulimi wangu ukakumbuka pilipili. Sikulitoa.

Yule mnyama alimkamata begani akamtupa chini, kisha shingoni. Hakukuwa na ngurumo kama watu wanavyosimulia. Kulikuwa na sauti ya kitambaa kinachanika na miguu ya jirani inapiga ardhi. Bibi yangu, mwanamke wa miaka sitini na kitu, aliruka na mchi aliokuwa anatwangia, akakimbia katikati ya mpunga, akampiga yule mnyama usoni mara nne au tano, kila pigo akimtukana matusi ambayo sikujua anayajua. Mke wa jirani akatoka na kijinga cha moto akamsukumia mdomoni. Ndipo akaachia. Akarudi mateteni akichechemea, na mdomo wake ulikuwa mwekundu mpaka machoni. Jirani alikufa amelaza kichwa mapajani mwa mkewe, anataka kusema kitu na shingo haina tena pa kutolea sauti.

Nilishuka dunguni nimejikojolea. Hakuna aliyenitazama.

Wanaume walikuja kwa yowe. Bwana nyama, yule wa serikali mwenye bunduki, alikuwa mjini Lindi na hawakumsubiri. Kabla hawajakwenda kumsaka, tulikuwa tunamfunga marehemu kwenye mkeka wakati tuliposikia muziki unakuja njiani. Redio. Kijana alikuja anacheza kidogo, redio begani, kiatu kipya mguuni, akapiga hodi kwa mbali. Akapiga tena. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kumjibu, "Karibu." Mama yake ndiye aliyeinuka, akamfuata, na akaizima ile redio kwanza kabla hajamwambia kitu.

Yule kijana alichukua mkuki akaingia mateteni na wenzake, na viatu vyake vya Dar. Walimpata yule mnyama alasiri. Walimchoma hadi mikuki ikakatika, kisha wakamburuta mpaka uwanjani, na hapo tukaachiwa wanawake na watoto. Sitaki nikudanganye. Tulimpiga kwa michi na mawe na kuni mpaka hakuwa na umbo. Mimi nilipiga mpaka viganja vikatoka malengelenge, na kila nilipopiga nilikuwa najua ninayempiga si yeye.

Siku ya tatu ya matanga, kaka wa marehemu aliyekuja kutoka Newala alisimama mbele ya watu. Alisema shemeji yake alisikia sauti ikiita mgeni, na ndugu yake akatoka kwa sauti hiyo. Akauliza ni nani aliyeita, wakati bonde zima linajua marehemu alikuwa anamsubiri mwanawe. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka ubavuni kwa bibi. Alinishika goti, akalibana mpaka likauma, akasema, "Ni mimi."

Wewe unajua watu wetu wanavyosema, kwamba simba wengine ni wa porini na wengine wametumwa. Mwanamke mzima, mjane, anayempiga simba kwa mchi na simba asimguse, halafu yeye ndiye aliyemwita mwenye nyumba atoke! Kufika jioni, midomoni mwa watu, tayari alikuwa na simba wake anayemlisha. Hakujitetea hata kidogo. Wiki ile walikuja na mashoka wakakata mikorosho yake yote ishirini, ile aliyoipanda babu, na utomvu ulikuwa unachuruzika kwenye visiki. Niliona mke wa jirani ndiye aliyepiga shoka la kwanza, nywele wazi, analia na kupiga. Dungu letu walilichoma. Bibi alinifunika macho kwa kanga na mimi nikawa nachungulia kwenye tundu.

Tulihamia Mchinga kwa kaka yake. Bibi aliishi miaka saba mingine akisuka makuti ya watu, yeye aliyekuwa na shamba lake. Wakati wa kusi watoto walikimbilia ufukweni kuangalia nyangumi wakirusha maji, na yeye hakwenda hata mara moja. Wala hatukulizungumza jambo lile. Mara nyingine akinisuka nywele nilihisi mikono inasimama, kama anangoja, na mimi nikaanza kusimulia habari za shule. Alikufa nikiwa na miaka kumi na saba. Nilimwosha na nikashindwa kumwambia hata akiwa maiti.

Leo bonde lile ni ufuta mtupu mpaka mtoni. Madungu hakuna. Ndege wenyewe wamepungua, nguruwe wanasimuliwa, na watu wanasema simba hawajasikika tangu kabla watoto wao hawajazaliwa. Watoto wa siku hizi ukiwaambia mgeni wanakimbia kutafuta kiti. Nimepatazama pale na, Mungu anisamehe, nilipakumbuka kwa hamu: moshi wa mahindi, umande miguuni, kelele za madebe, hata damu. Ulikuwa utoto wangu na sina mwingine.

Mwezi uliopita nilikwenda Kitomanga kumwona mke wa jirani. Ni kikongwe sasa, haoni vizuri, anakaa na wajukuu wa yule kijana wa redio. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanipapasa uso. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakanitoka. Nikasema tu, "Mama, siku ile aliyeita ni mimi. Bibi aliniambia nipige debe, mimi nikaita mgeni."

Hakushtuka. Alisema sauti ya mtoto na sauti ya bibi yake nani asiyezijua, alijua siku ile ile, lakini mtoto wa miaka kumi utamfanya nini, na uchungu wake ulitaka mtu wa kumwangukia, naye alikuwa na shoka mkononi. Kisha akasema kwamba usiku wa kuamkia safari yetu ya Mchinga alimfuata bibi amwombe radhi na kutangaza ukweli kijijini. Bibi alikataa. Alimwambia, "Mwache. Akikua atakuja mwenyewe kukuambia, nawe umpokee."

Nikawa nalia. Kikongwe akatafuta mkono wangu mpaka akaupata.

"Nimekungoja," alisema. "Umechelewa sana kukua, mwanangu."