Kovu la Mama Feza

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoifua sura ya mama yangu mzazi kwenye shaba akatoka mtu mwingine.

Alikuwa amefariki, na jamaa walitaka sura yake kwenye bamba kwa siku ya kumaliza matanga. Nilikuwa mwanafunzi wa mzee Tata Ilunga, mfua shaba wa hapa Kolwezi, na nilishajiona fundi. Shaba hupigwa kwa nyuma ili sura itokeze mbele, kwa hiyo picha lazima igeuzwe kwanza. Lakini mwenye pupa hadiriki kula tamu. Niliweka picha juu ya karatasi ya kaboni, nikafuatisha mistari kama ilivyo, nikagonga siku tatu. Nilipogeuza bamba, jina lake, FEZA, lilisomeka kinyumenyume, na kovu la shavuni lilikuwa limehamia shavu la pili.

Tata Ilunga hakunigombeza. “Weye ulifwata karatasi tu,” alisema. “Usiangalie picha. Kovu ya mama yako ilikuwa ku upande gani?”

Mtoto niliyebebwa na mama yule, sikujua. Nililia kwa aibu. Akaniambia nifumbe macho, nimkumbuke akinilisha bukari, ugali wetu. Mkono wangu wa kulia ukanyooka wenyewe, maana utotoni nilizoea kulipapasa kovu lile. Shavu la kushoto. Tukafua bamba lingine.

Juzi ulikuja kwangu kujifunza ufundi, na simu yako mkononi. Mwalimu wa mbali, ambaye pengine hutakutana naye, amekufundisha kwa video mambo niliyoyahangaikia miaka, na kidole chako kiliigeuza picha unayotaka kuifua kabla sijavaa miwani. Nilicheka, ila wivu nao nilikuwa nao. Usiwasikilize wazee wanaosema simu imeua ufundi. Sisi na kaboni yetu tulikuwa wavivu vilevile.

Lakini picha ile ni ya kaka yako aliyefia shimoni akichimba kobalti, na alijipiga picha hiyo mwenyewe kwa simu. Simu nyingine hugeuza picha ya namna hiyo kama kioo. Nilipokuuliza pengo la jino lake lilikuwa upande gani, uliitazama simu.

Mwanangu, simu ikufundishe kazi, lakini sura ya mtu waulize waliompenda. Kuuliza si ujinga. Kabla ya kushika nyundo, kaa na mama yako, akuonyeshe kwa kidole mdomoni mwako pengo lilikuwa wapi. Mtalia wote wawili. Kisha njoo, shaba nimekuwekea.

Mungu aibariki mikono yako, na siku utakapogeuza bamba, mama yako amtambue mwanawe.