Shamba Langu Ndani ya Kompyuta

Mimi sikusoma, lakini vibanda vyangu vyote sokoni Koboko nimevijenga mwenyewe, kwa hiyo sikuzoea kuuliza uliza. Kila Jumamosi binti yangu Zubeda na wenzake hukaa sebuleni kwangu Arua, wanarusha dadu na kusimulia habari za ufalme wao. Kwenye kompyuta iko ramani: mto wenye ukungu, vilima vya buluu, majani mpaka macho yachoke. Niliitazama hadi nikawasikia ng'ombe wangu wakinywa maji pale.

Siku moja walinung'unika kwamba malipo ya mwezi ya ile ramani yamepanda.

"Tulipe ya mwaka, iko nafuu," Zubeda alisema. "Mmoja awe mwenyewe, wengine waingie kwa ruhusa yake."

Nikajua ardhi inauzwa. Nikalipa mwaka mzima, na jina langu, neno pekee ninalolitambua, likatokea juu ya ule mto.

Kwetu shamba haliwi lako hadi mashahidi wa mpaka wamekula mbuzi. Nikachinja, nikawaita wazee watatu wa kwetu Aroi, wajue kwamba asiyesoma naye ananunua mbali. Walipokwisha kula, niliwaonyesha mpaka wangu kwenye kompyuta kwa fimbo.

"Nzuri sana, Haji," mzee Drani alisema. "Twende tupande miti ya mpaka. Iko upande gani, kule Dranya?"

Nikamgeukia binti yangu, aliyekaa pembeni na wenzake. Akaweka dadu chini polepole.

"Baba, hiyo iko mchezo. Umelipa tutumie ramani mwaka moja tu. Hiyo mto, mimi nilichora."

Mzee Drani akapangusa mdomo.

"Basi Haji, sisi iko mashahidi ya nini?"