Kapu la Simu

Nekoye ni mwoga. Sisemi hivyo kwa ubaya. Ndivyo alivyo, kama vile wengine walivyo warefu. Huogopa ngazi za ofisi yetu kwa sababu hazina vyuma vya kushikilia, huogopa mbwa wa mwenye jengo ambaye hana hata meno ya kutosha, na ukimwita ghafla kwa sauti kubwa hushtuka hadi chai imwagike. Kwa miezi kumi na mmoja nilikuwa nikimwita ghafla kwa sauti kubwa. Nilifurahia. Ni afadhali niliseme hilo mapema, maana huko mbele litanitoka kwa shida zaidi.

Tuko watano. Kampuni inaitwa Tausi Mtandao, vyumba viwili juu ya duka la mbolea na mbegu hapa Kakamega mjini, na kazi yetu ni kutengeneza tovuti: za shule, za hoteli, za makanisa, za yeyote anayetaka kuonekana. Madam Roda ndiye mwenye kampuni. Wanyonyi huandika programu. Osiako hutafuta wateja, na tukisafiri yeye ndiye dereva. Mimi, Maurine, ni mtu wa rangi na picha. Nekoye ni mtunzaji. Tovuti ikishakamilika sisi huisahau, naye huifungua kila asubuhi kuhakikisha imeamka vizuri.

Alizaliwa Ekero, kwa mzee anayelima miwa, mtoto wa nne kati ya saba, na wa kwanza kwao kupata kazi ya kukaa kwenye kiti. Kanisani mamake huitwa Mama Kompyuta, naye huitika bila aibu. Siku moja Nekoye aliniambia kwamba kila asubuhi akipanda zile ngazi huwaza: leo ndiyo siku watagundua sijui kitu. Nilicheka sana. Alikuwa anajua kutuzidi.

Tena woga wake ulitufaa. Kila tovuti yetu ina pacha wake: moja ni ya kweli, ile inayoonwa na watu, na nyingine ni ya majaribio, tunayoivuruga tutakavyo. Kwenye kompyuta zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Nekoye, kwa kuogopa kuzichanganya, alizipaka rangi katika mashine yake: ya kweli ina mstari mwekundu juu, ya majaribio mstari wa kijani. Sisi wengine hatukujisumbua. Wanyonyi alisema rangi ni mambo ya chekechea.

Wakati huo tulikuwa tunatunza tovuti ya chuo kimoja cha uuguzi. Vijana walikuwa wakijaza fomu za kuomba nafasi, na mwisho ulikuwa Jumatatu. Hadi Ijumaa mchana walikuwa wamefika mia tatu na kumi na wanane. Upande wa majaribio nako kulikuwa na fomu zetu za utani. Wanyonyi alikuwa amemwandikisha mtu aitwaye Ingokho Mwitu, yaani kuku wa porini, mzaliwa wa soko la Lubao, alama zake za mtihani A tupu. Nekoye aliambiwa afute hizo za utani.

Ijumaa hiyo kompyuta yake ilikuwa inajisasisha kwa mwendo wa kobe, akaketi kwenye ya Wanyonyi. Mara tisheti za matembezi ya kesho yake zikaletwa, kelele zikajaa chumbani, Roda akaita, "Njooni mjaribu, ikikubana usiseme sikukuonya!" Nekoye akabonyeza kufuta, mashine ikamuuliza kama ana hakika, akabonyeza ndiyo, akainuka kwenda kuchukua tisheti yake. Sote tulikuwa mle ndani na hakuna aliyeona kitu.

Matembezi yetu huwa mara moja kwa mwaka na yana mila moja. Mwaka wa kwanza tulikwenda Kisumu kula samaki, na kila mtu akala huku ameinamia simu yake, Roda akakasirika. Tangu hapo tuna kapu. Tukifika tunakokwenda, kila simu huzimwa na kuingia kapuni, ya Roda ikiwa ya kwanza, na hazitoki kabla ya saa tisa. Atakayeomba simu mapema huosha sufuria zote. Mlinzi wa kapu huteuliwa na Roda, na mwaka huu aliniteua mimi.

Jumamosi saa tatu na nusu tulikuwa msituni, upande wa kilima cha Lirhanda. Osiako aliteremsha sufuria za obusuma, ugali wetu, na kuku, tukatandika leso chini, tukanywa chai kwanza. Nyani walikuwa wanapiga kelele juu ya miti na Nekoye alikuwa anawaangalia kwa wasiwasi wake wa kawaida.

"Nekoye," Wanyonyi akasema akitafuna andazi, "nilidhani ulifuta zile za majaribio. Jana nikifunga mashine nimeona Ingokho Mwitu bado anataka kuwa nesi."

Tulicheka, Osiako akapaliwa na chai. Nekoye aliacha kutafuna. Nilimwona. Alishika andazi lake lililobaki nusu kama mtu aliyepewa kitu asichokijua, na uso wake ukaisha damu. Nikadhani ni nyani.

Sasa ninajua alichokuwa anahesabu kichwani. Kama za utani bado zipo, basi alizofuta ni zipi? Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo yeye peke yake ndiye aliyekuwa akilikumbuka: tovuti ile huwekewa nakala ya akiba moja tu, na kila siku saa sita mchana nakala mpya huandikwa juu ya ile ya jana. Nakala ya Ijumaa ilikuwa na vijana wote. Hadi saa sita kingebonyezwa kitufe kimoja tu na wote wangerudi. Baada ya saa sita, akiba ingekuwa ya ukurasa mtupu.

Ilikuwa yapata saa nne.

Alikuja nilipokuwa, akachuchumaa kando ya kapu. "Maurine, nisaidie simu yangu. Dakika mbili tu."

"Ya nini?"

"Nataka... kuna kitu nataka kuangalia."

"Sheria ni msumeno, dada. Utaosha sufuria?"

"Nitaosha."

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza nimpe. Badala yake nilipaza sauti: "Jamani! Nekoye hata saa tano haijafika na ameshindwa!" Wote wakageuka. Wanyonyi akapiga makofi. Roda akasema, "Ni nani huyo anakutafutanga hivyo? Tutamwona lini?" Nekoye akacheka pamoja nasi, kicheko kidogo kisicho na pumzi, akasema basi, haina haja. Akaondoka. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mimi usemi huo nimeuandika kwenye kalenda ya mteja kwa maandishi mazuri ya bluu.

Mtaniuliza kwa nini hakumwendea Roda moja kwa moja. Mwaka jana tulikuwa na mwenzetu, Wandera, aliyepoteza picha za harusi ya mteja. Alirudisha funguo siku hiyo hiyo. Nekoye ndiye aliyepewa kiti chake.

Tukaanza kupanda kilima. Aliyetuongoza ni mama mmoja wa huko huko, mtu mzima, mwenye saa kubwa ya mkononi. Nekoye alitembea nyuma yake kabisa.

"Mama, ni saa ngapi?"

"Tano kasoro."

Alipouliza tena ilikuwa tano na dakika kumi. Halafu akauliza tena. Mara ya nne yule mama alisimama akamtazama. "Binti yangu, unaogopa nyoka? Nyoka hana shida na wewe, akisikia miguu anaenda zake."

"Siogopi nyoka, mama," Nekoye akasema.

Nilikuwa nyuma na kapu mkononi, nikasikia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema haogopi kitu. Nikajua kuna jambo. Lakini tulikuwa tunapanda, jua kali, na Wanyonyi anaimba. Nikaliacha lipite.

Karibu na kilele kuna pango lililochimbwa zamani na watafuta dhahabu, limejaa popo. Wengine waliingia na tochi ya yule mama. Mimi popo sitaki, nikabaki nje na kapu langu. Nekoye naye akabaki. Alikaa chini kwenye nyasi mbele yangu, magoti yameungana, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Maurine, nimefuta watu."

Sikuelewa. Akanieleza yote kwa pumzi moja, Ingokho, mashine ya Wanyonyi, nakala, saa sita. Nikatia mkono kapuni nikatoa simu zote tano, zikaanguka, nikaipata ya kwake, nikaiwasha. Haikukubali haraka. Ile picha ya kampuni ya simu ilicheza, ikacheza, ikapotea, ikarudi. Saa sita kasoro dakika tisa. Mtandao hakuna.

"Juu!" nikamwambia.

Tulikimbia. Sijawahi kukimbia vile tangu darasa la saba. Mawe yaliteleza chini ya viatu, nikaanguka nikachubuka goti, yeye hakugeuka. Alikuwa ameinua simu juu ya kichwa akiitazama huku anakimbia, na mimi nyuma nasema, "Mungu wangu, Mungu wangu," kana kwamba hilo ndilo neno la siri. Kileleni kijiti kimoja cha mtandao kikajitokeza. Akaandika anwani, vidole vikakosea, akaandika tena. Kile kiduara cha kusubiri kilizunguka. Saa sita kasoro mbili. Kilizunguka. Nilitaka kumpokonya simu niitikise. Chini yetu msitu ulikuwa umetulia kabisa na ndege wanalia, na nilimchukia kila ndege.

Ukurasa ulifunguka saa sita na dakika moja. *Nakala ya mwisho: leo, saa sita kamili. Fomu: 4.*

Hao wanne walikuwa wamejaza tangu Ijumaa jioni. Waliotangulia hawakuwepo.

Nekoye aliweka simu chini taratibu. Hakulia tena. Roda alitokea akihema, tisheti imelowa, akiuliza ni mashindano gani haya tumeanza bila yeye. Nekoye akasimama.

"Madam, ni mimi. Nimefuta fomu za wanafunzi. Za kweli. Na akiba imeandikwa juu."

Roda alitafuta jiwe akakalia. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, na mimi ile sauti ya chini ndiyo iliyonitisha kuliko kelele: "Umejua saa ngapi?"

"Saa nne, Madam."

"Saa nne. Na kwa nini hukusema saa nne?"

Nilisimama hatua mbili kando ya Nekoye, kapu tupu mkononi. Nilisubiri aseme, Maurine alininyima simu. Aliangalia nyasi.

"Niliogopa," akasema.

Roda alinigeukia. "Na wewe?"

"Ameniambia sasa hivi," nikajibu. "Ndiyo tukakimbia." Kila neno lilikuwa la kweli. Roda akatikisa kichwa, akasema, "Angalau wewe umejaribu. Asante."

Kuku alirudi mjini hajaguswa.

Jumatatu tuligundua kitu kimoja cha kutushusha pumzi. Kila fomu ilipoingia, mfumo ulikuwa umetuma kwa chuo ujumbe wa barua pepe wenye jina na nambari ya simu, basi. Chuo kiliongeza wiki moja. Nekoye alipewa barua ya onyo, akaitia sahihi akiwa amesimama, kisha akaomba apige simu zote mwenyewe, mmoja mmoja, awaombe wajaze upya. Roda akamkubalia na kuniambia nimsaidie.

Tuligawana orodha. Meza zetu zinatazamana, kwa hiyo siku nzima ninamsikia. Mimi husema, "Kulikuwa na hitilafu ya mitambo, tunaomba radhi." Yeye husema, "Naitwa Nekoye. Mimi ndiye niliyefuta fomu yako." Halafu hunyamaza, asikilize. Wengine humtukana. Jana msichana mmoja wa Navakholo alilia, alikuwa amesafiri hadi mjini kujaza ile ya kwanza na hana nauli ya kurudi, na Nekoye akamjazia fomu yote kwa simu, swali kwa swali, muda wa saa nzima, sauti yake ikitetemeka mwanzo hadi mwisho. Wamebaki kama arobaini. Kumi na mmoja nambari zao hazipatikani kabisa. Saba kati yao wako kwenye nusu yangu, na yeye amewanakili kwenye karatasi yake bila kuniuliza.

Leo wakati wa chai nilimuuliza polepole, "Mbona hukunitaja?"

Alipuliza chai yake. "Ningekutaja tungefukuzwa wawili. Nani angepiga simu?"

Kisha akarudi kwenye orodha. Kutoka kwenye kiti changu hadi mlango wa Madam Roda ni hatua nane, na mlango uko wazi, namwona anasoma kitu. Leo ni Alhamisi. Bado sijasimama.