Kiazi Kisicho na Bei

Nanunua nguruwe, pilipili manga na viazi vikuu kwa watu wa Kitti na kuviuza mjini Kolonia. Kazi hiyo imenifundisha kwamba hapa kisiwani Pohnpei karibu kila kitu kina bei. Mtu akikataa hata kuisikia bei, rudi nyuma. Umegusa mtoto wake au mungu wake.

Kasiano, shemasi wa parokia yetu, alikataa kuisikia. Nilikuwa nimemtajia bei ya kiazi chake kimoja, kilichokuwa ardhini kwa miaka nyuma ya mishelisheli yake, karibu na kijito. Mteja wangu alikitaka kwa harusi ya bintiye. Kasiano alinitazama kana kwamba nimemtajia bei ya mkewe. Na kosa lilikuwa langu: kwetu mtu hatazami kiazi cha mwenzake kikiwa ardhini, wala hakitaji. Ukipita shambani kwake, unageuza uso.

Kwa hiyo hakuna aliyekiona, na wote walikijua. Siku za mafundisho, Kasiano aliwaonya vijana kuhusu sanamu za siku hizi: simu, mpira wa wavu, pikipiki. Vijana walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaja kunywa soda dukani kwangu. "Shemasi anafunga," alisema mmoja, "kiazi ndicho kinachonenepa." Mkewe alilalamika kwamba rozari ya jioni siku hizi mumewe anaisalia kijitoni, na hamkaribishi mtu.

Kiazi kile alikiweka kwa ajili ya kutabaruku kanisa jipya. Askofu angekuwepo, na chifu mkuu pia, ambaye humpa cheo mwenye kuleta kiazi cha kubebwa na wanaume wengi.

Kisha kaka yake Damian akafa ghafla. Msibani kila nyumba huleta viazi na nguruwe, na ndugu wa damu huleta kilicho bora kuliko vyote alivyo navyo. Watu walimsubiri Kasiano. Alikuja na vikapu vya viazi vya kawaida, safi, vinavyotosha kwa jirani. Kerlihna, mjane wa Damian, alivipokea, akamfuata mpaka kwenye jiwe la kupondea sakau, mizizi ya kinywaji chetu cha heshima, mbele ya wanaume waliokuwa wakinywa.

"Shemeji, ile mbegu ulipewa na nani?"

"Na marehemu."

"Basi mletee chake."

Kasiano alisema hawezi. Kiazi kile kilikuwa kimeshaahidiwa Mungu.

"Mungu alikula lini kiazi, shemeji?" alisema Kerlihna. "Wanaokula ni sisi, na leo tumefiwa." Akarudi jikoni. Damian akazikwa bila kiazi kile cha mdogo wake.

Siku ya kanisa kufunguliwa, wanaume walikibeba kwa miti mabegani, wakitoa jasho. Nimenunua viazi maisha yangu yote na sijawahi kuona kingine kama kile. Walikitua mbele ya chifu. Kasiano, kama desturi inavyomtaka, akasema ni kijizizi tu, watu wamsamehe. Sasa ilikuwa zamu ya watu kumkatalia na kukisifu.

Wakageuza nyuso. Wanawake wakaangalia mikeka yao, wazee wakaangalia paa. Hakukuwa na utovu wa adabu katika hilo. Walikifanyia kile ambacho hukifanyia kiazi kilicho bado ardhini. Chifu naye akaomba maji ya kunywa. Askofu akashukuru kwa vyakula vyote, kwa jumla, tukaendelea.

 Kasiano akaomba panga, akakikata mwenyewe, akajitwisha pande la upande wa mche, ambalo ndilo la heshima, akaenda kwa Kerlihna kwa miguu. Nilikuwa nyuma yake, nikiwa na nguruwe wa kupeleka upande ule. Kerlihna alilipokea mlangoni.

"Umechelewa," alimwambia.

"Najua, shemeji."

"Kaa basi, kitachukua muda kuiva."

Kilichukua muda kweli, na kilikuwa na nyuzi kama kamba, kwa uzee. Nilikula nao. Cheo hakupata.

Bado ni shemasi. Akifundisha habari za sanamu, simu hazitaji tena. Na msimu uliofuata alikuja dukani mwenyewe kuniuliza viazi vikuu nachukua kwa bei gani. Tukabishana mpaka chai ikapoa.