Tulitafuta hazina ya kidijitali ya chuo, tukachagua kibubu

Wakuu, heshima kwenu. Walionizidi umri shikamooni, wengine marahaba.

Mimi ni mstaafu mwenye jina la kulinda. Nitakayoyaeleza nilikuwepo yakitendeka. Chuo sitakitaja.

Nilikuwa katibu wa kamati ya kuchagua hazina ya kidijitali ya maktaba ya chuo chetu, hapa katikati ya jiji. Kwa wasiolifahamu jambo hili, huo ni mfumo wa kompyuta unaotunza tasnifu, tafiti na kumbukumbu ili msomaji azipate popote alipo.

Mkutubi wetu, Bi Stella, alitaka kwanza tupange: tutunze nini, nani asimamie, nani aruhusiwe kusoma, na mwenye mfumo akiondoka tubaki na nini. Kisha akaomba kila kampuni iweke kazi chache kwenye mfumo wake, halafu izitoe mbele yetu, zifunguke kwenye kompyuta nyingine yoyote.

Mwenyekiti, profesa mwenye heshima zake, akacheka.

"Bi Stella, hatujahamia, wewe unauliza mlango wa kutokea?"

"Hata ukumbi wa harusi una mlango wa dharura, Profesa."

"Basi wewe kaa mlangoni, sisi tule pilau!"

Ombi lake likaishia hapo. Niliwahi kulirudisha kwa maandishi. Halikujadiliwa.

Kampuni iliyoshinda ilileta demo yenye rangi za chuo na picha ya Makamu Mkuu wa Chuo. Kila mjumbe aliuliza lile lile: "Mfumo unahifadhi?" Wakajibiwa, "Unahifadhi, tena salama." Neno hilo ndilo lililotuponza. Kwetu sisi, kuhifadhi ni kufungia. Aliyehifadhi kanga zake sandukuni hatarajii jirani aje kuzichungulia.

Sasa nije kwa Bi Mwanahawa.

Huyu ni mjane, mtu mzima kuliko mimi, anauza kanga Kariakoo, nyuma ya soko. Marehemu mumewe aliwarekodi kwenye kaseti wazee waliotoka Kusini kuja kufanya kazi bandarini. Mimi na Bi Stella tulikwenda kumwomba kaseti hizo ziingie kwenye hazina.

"Mkishazitia huko kwenye kompyuta, nitamsikia mume wangu?"

"Utamsikia kwenye simu, bibi, hapa hapa dukani."

"Haya chukueni. Redio ya kuzichezea ilikufa kabla yake."

Ahadi ile niliitoa kwa kinywa changu, kwa niaba ya ofisi.

Utepe ulikuwa umechakaa. Kaseti nyingi zilikatika baada ya kuchezwa mara ya mwisho tulipozinakili, lakini sauti zilikwisha kuingia kwenye mfumo. Kampuni ikatuelekeza tufute nakala zilizobaki kwenye kompyuta zetu ili kuokoa nafasi. Bi Stella angepinga, ila alikuwa amekwisha kuhamishiwa tawi lingine.

Kisha kampuni ikafunga ofisi. Seva tunayo, na majina ya mafaili yanaonekana. Hayafunguki. Programu ya kuyafungua inataka kibali kila mwaka, na mtoa kibali hapatikani. Uongozi unasema suala linashughulikiwa. Nimestaafu likiwa linashughulikiwa, na Profesa bado anapongezwa kwa mradi wa kisasa!

Hivi karibuni nilikwenda Kariakoo mwenyewe, bila kutumwa. Nilimkuta Bi Mwanahawa akikunja kanga. Nikamweleza yote.

"Kwa hiyo mmemtia kwenye kibubu," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Kibubu kinavunjwa, baba."

"Hiki tukikivunja, na kilichomo kinapotea."

Akakunja kanga nyingine. Kisha akaniuliza, "Lakini wewe si ulikuwepo zikichezwa? Alikuwa anasema nini?"

Wakuu, nilikuwepo. Nilikuwa nikiandika namba ya kaseti, upande wake na jina la mzungumzaji. Maneno sikuyasikiliza. Ya nini, na yamehifadhiwa?

Nikamwambia nilichokumbuka: kwamba mumewe alikohoa kidogo kabla ya kila swali.

Akatabasamu. "Kile si kikohozi. Alikuwa anaona haya kuuliza watu." Akaweka kanga chini, akanigeukia. "Enhe, halafu?"



Nilichojifunza ni hiki. Mnaopanga hazina ya namna hii, iwe ya chuo, ya msikiti au ya kanisa, kabla ya kuuliza mfumo unaweka vipi, wekeni kitu kimoja na mwambieni muuzaji akitoe mbele yenu. Akianza kujiumauma, muageni kwa heshima. Na wala msifute nakala zenu kwa kuelekezwa na mtu.

Kama humu yupo aliyewahi kuokoa sauti kutoka kwenye mfumo uliofungwa hivi, naomba aeleze hapa chini alivyofanya. Wanaotaka kuilaumu kamati, pamoja nami niliyekuwa katibu wake, nao waandike. Ila kwanza wenye ujuzi, tafadhali. Bi Mwanahawa ni mtu mzima, na bado anauliza.