Kilio cha Mtani Mbele ya Duka la Vitenge

Shule niliishia darasa la nne, lakini jina la mtu likiniingia halitoki. Wote waliokuwepo siku ile pale Kariakoo nawajua kwa majina, na ya baba zao. Hapa sitayaandika. Duka moja tu lilisomeka jina, na mtaona yaliyolipata.

Nauza vitumbua kwenye baraza la duka la vitenge. Mwenye duka ni Mchaga, mtu wa kanisani, maneno yake machache. Asubuhi, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Basi, anafungua. Barazani tulikuwa wawili: mimi na mzee mmoja Mnyamwezi, mchukuzi, aliyebeba marobota ya mitumba kwenda Mchikichini. Mimi Mzaramo, kwa hiyo yule ni mtani wangu. Miaka yote ile tulitukanana bila kukosa hata siku moja.

Alipofariki nikatimiza wajibu wangu. Mtani halii kama watu wengine. Jeneza lilipofika mbele ya duka nilijitupa chini pale mlangoni, nikagaragara mpaka khanga ikatoka kichwani. "Amka, mvivu wee! Umejifia ili usibebe mzigo!" Wafiwa walicheka huku machozi yanawatoka. Sikupisha njia mpaka nilipoahidiwa kuku.

Kumbe mpita njia mmoja alirekodi. Akafuta maneno yangu na vicheko vya wafiwa, akakata jeneza lisionekane, akaweka wimbo wa huzuni, akaandika mtandaoni kwamba tajiri amemfukuza bibi barazani. Na juu ya kichwa changu bango la duka linasomeka vizuri kabisa.

Mjukuu wangu alikuja mbio na simu. "Bibi, nchi nzima inakulilia!"

"Kwani nimekufa?"

"Wanasema duka lisusiwe."

Nikamwambia anisomee. Mmoja ameshindwa kula. Mwingine nimemkumbusha bibi yake, ambaye hajaenda kumwona siku nyingi. Mwingine anataka duka lichomwe moto, pamoja na baraza langu nadhani. Nikauliza, hawa ni akina nani? Mjukuu akasema majina hawana, wana picha tu za maua na simba.

Kesho yake wateja wa vitenge hawakuja. Walikuja vijana na mabango. Binti mmoja akanikumbatia analia. Nikamuuliza jina. "Mimi ni sauti yako, bibi." Nikamwambia sauti ninayo, ale kitumbua. Vitumbua viliisha kabla ya saa tatu. Dhuluma yangu ilikuwa inauza kweli.

Ndani ya duka yule bwana alikuwa anakunjua vitenge na kuvikunja tena. Nikaona haya. Nikamwambia mjukuu anirekodi na mimi. Nikakaa vizuri, khanga safi, nikaeleza: sijafukuzwa, ule ulikuwa utani wa msibani, mwenye duka ananipa mpaka maji ya kukorogea unga. Majibu yakaja: tazameni macho yake, amelazimishwa. Mjukuu akasema, "Tatizo haina hisia, bibi. Ungelia kidogo."

Siku ya tatu mwenye duka alitoka na funguo. "Bibi, nafunga. Nikisema ukae, wanasema nimekutisha. Nikisema uondoke, watasema si tulijua."

Akashusha geti la chuma. Hapo nikalia. Kilio chenyewe, kimya kimya, kamasi zinatiririka. Vijana walikuwa hatua tano tu kutoka hapo, wamenipa migongo, macho kwenye simu. Humo kulikuwa na video mpya ya mama wa mkoani ameonewa, tena huyo anaonekana vizuri zaidi. Mpaka adhuhuri kijana hayupo hata mmoja. Mabango wakaniachia, yalinifaa kuwashia mkaa siku mbili.

Wiki iliyofuata geti likapandishwa. Wateja wakarudi mmoja mmoja, wanabishana bei kama kawaida, wale wale waliosusa. Nawajua.

Nilikuwa nageuza vitumbua, mwenye duka akaja kusimama karibu. Hajawahi.

"Bibi, Wachaga na Wazaramo ni watani?"

"Wapi! Watani zenu Wapare."

"Basi utani wangu na wewe uanze leo. Siku yangu ikifika uje ulie vile vile. Ila simu zote ziachwe mlangoni."

Nikamtazama juu mpaka chini. "Na kuku wangu umweke kabisa, bahili wee. Wewe nitakugaragaria mpaka Moshi."

Akacheka mpaka akajishika kwenye bango la duka.