Mbuzi Niliyemlipa kwa Kulala Chali

Yowe linaanzia chini, kama mtu anayesafisha koo, halafu linapanda na kubaki huko juu likitetemeka mpaka mbwa wa kijiji kizima wanalijibu. Nimeyasikia mengi pale Ihanja, ya fisi, ya wizi wa ng'ombe, ya msiba. Lakini ninalolikumbuka vizuri kuliko yote lilipigwa karibu kabisa na sikio langu, kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa mzima. Nilikuwa nimelala tu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Nilikuwa nimerudi kijijini wakati wa palizi, nikitoka Singida mjini nilikokuwa nafanya kazi za ndani kwa familia moja ya wafanyabiashara. Mjini maduka yalikuwa yamejaa sabuni za nje, mitumba ilimwagwa chini kama mtama uwanjani, na mama mwenye nyumba alikuwa amenunuliwa televisheni na video. Mgongo ulikuwa unamsumbua tangu uzazi wake wa mwisho, basi dada yake wa Dar akamletea mkanda wa yoga. Ndani yake mama mmoja wa Kihindi alikaa sakafuni akizungumza polepole, kama anayebembeleza mtoto. Kiingereza chake sikukijua, shule yangu iliishia la saba, lakini kujinyoosha hakuhitaji mkalimani. Mama mwenye nyumba alijinyoosha kwenye zulia, mimi nikamwiga nikiwa nyuma yake na fagio.

"Njoo na wewe," akaniambia siku moja, "usinitazame kisogoni kama mwizi. Umepinda kama mpini wa jembe na bado msichana."

Nikaenda. Nikajifunza kujikunja kama paka, kusimama kama mlima, na mwisho kulala chali, mikono pembeni, unaachia mwili wote na kupumua. "Huu wanauita mkao wa maiti," mama alisema, akacheka, akasinzia. Mgongo wake ulitengemaa. Na mimi, kwa jinsi nilivyo mtu wa ndoto, nikaanza kuota. Niliwaona akina mama wa kwetu wamejipanga uani na kanga zao, wananyooka wote kwa pamoja, mama yangu akiwa mbele. Mama yangu ambaye jioni akitoka shamba hushika ukuta wa tembe kwanza, akasubiri, ndipo mgongo ukubali kumsimamisha.

Siku ya yowe nilipalilia tangu alfajiri. Jua lilipokuwa kali mgongo ukaniuma, nikamwambia mama natangulia nyumbani kidogo. Nikatandika ngozi ya ng'ombe uani, nikajinyoosha, kisha nikalala chali. Zizi liko karibu na nzi wa zizini hawana adabu, hivyo nikajifunika kanga kuanzia miguuni mpaka kichwani. Usingizi ukanipitia.

Jirani yetu, mama mwenye mashine ya mkono ya kukamua alizeti, akapita kuomba chumvi, akaniona, akapiga yowe pale pale kichwani pangu.

Nilipothubutu kutoa kichwa kwenye kanga, uani palikuwa na watu mpaka kwenye ua wa miiba. Walikuja na marungu, wengine na mikuki. Wanawake wawili walikuwa wameshajitwika kuni za msiba. Mjomba wangu alikuja na sururu kabisa.

Mama yangu alifika wa mwisho, maana ndivyo mgongo ulivyomruhusu kukimbia. Alinishika uso wote.

Wangerudi shambani yakaisha, lakini kwetu yowe ni mali ya wote. Likipigwa, mtu anaacha jembe, anaacha chungu motoni. Likiwa la bure, aliyelisababisha anatoa mbuzi, na waliokimbia wanamla. Jioni mzee wa sungusungu akaita kikao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umefufuka?"

Watu wakacheka.

"Sikufa, babu. Nilikuwa nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya kufa?"

"Ya mgongo. Niliyaona kwenye video, mjini."

"Mgongo umeulalia, sasa hapo unazoeza nini?"

Jirani akadakia: "Nimemwita, kimya. Nani anajifunika gubigubi mchana wa palizi? Mimi nikajua ndiyo basi tena."

"Nzi, mama. Zizi si lile pale?"

"Kwa hiyo wa kutoa mbuzi ni nzi?"

Mzee alisubiri kicheko kiishe. "Wewe ni binti yetu," alisema, "na tunajua mbuzi unaye mmoja tu. Apa mbele ya watu hawa kwamba hutayarudia haya ya kwenye video, hapa kijijini, wewe wala mwingine utakayemfundisha. Tutakusamehe, utapika togwa yaishe. Au lala upendavyo, lakini mbuzi aje."

"Apa, mwanangu," mama alininong'oneza. "Mbuzi yule umemtolea jasho."

Ni kweli. Nilimnunua kwa mshahara wangu, alikuwa na mimba, na kichwani mwangu alikuwa ameshazaa kundi zima na kundi limeshakuwa cherehani. Lakini nilikasirika. Mwanamke akiinama toka alfajiri mpaka jua la utosi, uso kwenye magugu, hakuna anayepiga yowe. Mama yangu akining'inia ukutani jioni, hakuna yowe. Mwanamume akilala chali njiani kwa pombe, wanamruka wakapita. Kila kitu ruksa, hata nguo za ndani za Wazungu waliokufa, ila mimi kulala kidogo kwenye ua wa mama yangu.

"Mchukueni mbuzi," nikasema.

Nadhani hata mzee hakutegemea. "Haya," akasema. "Ila siku nyingine tikisatikisa kidole cha mguu, tujue upo."

Walimla siku iliyofuata. Waliniletea ini, kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliniudhi zaidi. Nikampa mama. Alikula taratibu, kisha akauliza, "Yule mama wa mjini, mgongo wake ulipona kweli?"

"Ulipona, mama."

Alimaliza ini.

Ngozi hakuna aliyeitaka, ilikuwa imetupwa juu ya ua wa miiba. Niliichukua, nikaiwamba kwa vigingi, nikaikuna nyama na kuilainisha kwa mafuta ya alizeti mpaka ikakubali kukunjika. Asubuhi moja wote walipokuwa shambani niliitandika uani, pale pale. Nikajinyoosha, nikalala chali, nikavuta kanga mpaka kichwani. Nyayo za mtu zikapita nyuma ya ua, zikasimama, zikasubiri.

Kidole sikukitikisa.